Fundo Hili ni la Nani

Mkono wa Tusekile ulipanda wenyewe hadi usoni, ukashika unywele mmoja wa nyusi kwa kucha mbili, ukaanza kuuvuta.

Yeye hakuwa na tabia hiyo. Tangu azaliwe hakuwahi kung'oa unywele wa nyusi, na waliofanya hivyo aliwahesabu kuwa watu wasio na kazi. Lakini mkono ulikuwa umeshafika, na juu ya jicho palishaanza kuchoma, mchomo mdogo wenye utamu kama wa kukuna upele.

Hakuuzuia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ukiuzuia mkono wa mwenzi kwa nguvu, mwenzi anasubiri uondoke tu, kisha anang'oa mara mbili. Kazi ilikuwa kuujua: kucha hizi hapa, vidole vya baridi, kiwiko kinaning'inia, pumzi imekwama juu ya kifua haitaki kushuka. Akauacha mkono pale ulipo, akateremsha akili yake hadi nyayoni, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi zenye utelezi akiwa na ndoo kichwani. Visigino. Vigimbi. Magoti, ambayo kwa mwenzi huyu yalikuwa mepesi, magoti ya mtu asiyezoea kupalilia. Mapaja. Tumboni akalikuta fundo. Lilikuwa pale pale siku zote, chini ya mbavu, gumu kama kokwa la parachichi. Hakulisukuma wala hakulibembeleza. Alikaa nalo tu, kama unavyokaa na mgonjwa asiyetaka maongezi. Mvua ya Tukuyu ikapiga mabati, ikapita, ikarudi. Fundo likalegea upande mmoja. Pumzi ikashuka. Zile kucha mbili zikauachia unywele bila kuung'oa.

"Haya," Tusekile alisema kimoyomoyo. "Umeona? Hakuna aliyekufa."

Taa ndogo juu ya mlango ikageuka kijani. Akavua kofia ya nyuzi, akaketi juu ya godoro, akavuta sweta.

"Mama, umetoka?" aliuliza Gwakisa. Huyu alikuwa msimamizi wa zamu, kijana mrefu mwenye sweta lililotoboka viwiko, umri wa kuwa mwanawe wa kwanza. Kila aliyevua kofia alitakiwa kumjibu kabla hajasimama.

"Nimetoka."

"Jihesabu."

"Bega la kushoto linauma: langu, nililitegua nikibeba mkungu wa ndizi. Jino la nyuma lina tundu: langu. Njaa: yangu."

"Huzuni?"

"Sina huzuni, baba. Nina maharage sijayachambua."

Gwakisa akacheka, akabonyeza kitu kwenye kioo chake. Kujihesabu huko hakukuwa mchezo. Kofia ile ya nyuzi haikubeba mawazo, wala maneno, wala picha. Ilibeba mwili tu: joto, baridi, kukaza na kulegea. Mwenye wasiwasi alivaa ya kwake huko aliko, iwe Tunduma au Tanga, na msikivu akavaa yake hapa Kituoni Tukuyu, na kwa muda ule mwili wa mmoja ukawekwa juu ya mwili wa mwingine kama karatasi mbili zinazopita mwanga. Msikivu aliyefundishwa akiutazama mwili bila kuukimbia, mwili wa mwenzi nao uliiga, na mikono yake ikaanza kusahau kazi mbaya iliyojifunza. Tabu ilikuwa mwangwi. Nyuzi hazikujua kubeba upande mmoja peke yake. Kila mmoja alipata chembe ya mwenzake, ndiyo maana wasikivu wapya walikuwa wanatoka wakichechemea kwa miguu ya watu wasiowajua.

Majina hayakutolewa. Wasikivu wenyewe ndio waliwabatiza wenzi wao kwa tabia zao. Tusekile alikuwa na Kufuli, aliyerudi mlangoni kuhakikisha amefunga hata akiwa amefika barabarani, na alikuwa na Meno. Huyu wa leo alikuwa Nyusi.

"Nyusi anaendelea vizuri sana," Gwakisa alisema. "Nilijaribu kumpa msikivu mwingine ulipokuwa na homa. Alivua kofia hapo hapo. Anakutaka wewe tu."

"Ana akili."

"Ila kesho mafundi wanabomoa paa. Mtafanyia kazi nyumbani. Chumba kimya, mlango umefungwa. Na mama, nakuomba, usiongee. Ukiongea mwili wako unatikisika, ukitikisika wewe, mwenzi anatikisika."

"Gwakisa, nimezalisha wanawake mpaka nikachoka. Unanifundisha kufunga mlango?"

"Sikufundishi, mama. Nakukumbusha."

*

Nyumbani alimkuta Sekela jikoni akimenya ndizi, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka kwenye paji la uso kama bibi kizee. Sekela alikuwa binti yake pekee. Alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni muhula uliopita, akilalamika tumbo. Walizunguka hospitali, wakapima kila kinachopimika, tumbo halikuonekana na tatizo. Tusekile, ambaye alisomea ukunga na kupata stashahada yake huku amebeba mtoto huyo huyo mgongoni, aliamua kwamba ugonjwa ule unaitwa uvivu.

"Bado unamenya tu? Tangu saa ngapi?"

"Namalizia, mama."

"Unamalizia nini, ganda nene hivyo? Unamenya au unachonga mwiko? Lete." Akamnyang'anya kisu. "Na hicho kitambaa kipandishe, huoni unachofanya. Hebu nione. Mungu wangu. Sekela, umenyoa tena nyusi?"

Sekela akashusha kitambaa. "Ndiyo mtindo, mama."

"Mtindo wa nani? Unaonekana kama yai. Nimekuuliza, mtindo wa nani?"

"Wa wasichana tu."

"Wasichana wanasoma, wewe unanyoa. Kesho nafanya kazi chumbani kwangu. Sitaki kusikia hata kijiko kimeanguka. Maharage yatakuwa jikoni, utayaangalia. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Unanisikia, au unaitika tu?"

Sekela alikusanya maganda, akatoka nayo nje. Jioni, kama kila jioni, alirudi na chupa ya mafuta, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake bila kuambiwa, akazamisha kidole gumba chini ya mfupa wa bega la kushoto, mahali pale pale, akalizungusha mpaka likalainika. Wakati huo tu nyumba ile ilikuwa kimya. Tusekile hakuwahi kusema asante. Aliona kusema asante kwa mtoto wako ni kama kuishukuru miguu kwa kukufikisha.

*

Kesho yake alifunga mlango wa chumba, akalala chali kitandani, akavaa kofia. Sekela alisema anakwenda kusoma chumbani kwake. Maharage yalikuwa yanatokota kwenye jiko la gesi.

Kufuli alikuja, akaenda. Kisha akaja Nyusi.

Alikuja na pumzi fupi, zaidi ya jana. Tusekile alishuka nyayoni, akaanza kupanda. Mwenzi alikuwa amelala, mgongo umegusa kitu kigumu chenye baridi, labda mkeka juu ya saruji. Vigimbi. Magoti. Fundo likamngoja. Akaketi nalo. Likaanza kulegea, na Tusekile akawa na ile raha asiyoweza kumsimulia mtu, ya kuwa mpole bila kuombwa, kwa mtu asiyemdai maelezo. Hapo akasikia harufu ya maharage yanayoshika chini.

Mdomo ulifunguka kabla hajaufunga.

"Sekela! Maharage!"

Fundo likajikunja kama ngumi. Halikuwa tena kokwa. Lilikuwa jiwe, na jiwe likapanda hadi kooni. Tusekile alijilaani. Gwakisa alimwonya: ukitikisika wewe, mwenzi anatikisika. Ni sauti yake mwenyewe imemtikisa, akajiambia, basi. Lakini mwenzi alikuwa ameshasimama. Nyayo zilikanyaga saruji ya baridi, upesi upesi, kisha sakafu yenye mchanga mchanga, kama ya jikoni kwake ambayo aliagiza ifagiliwe asubuhi na haikufagiliwa. Mvuke ukampiga usoni. Halafu vidole vya mkono wa kulia vikaungua.

Jikoni, mfuniko wa sufuria ukaanguka sakafuni, ukazunguka, ukatulia.

Tusekile alilala pale pale, vidole vyake vizima vikiuma. Akavitazama. Havikuwa na alama. Akafikiri: mwangwi. Nimesikia mfuniko, nikadhani nimeungua. Mtu anayevaa kofia kila siku anaweza kudhani lolote. Akafikiri tena: sikusikia mfuniko kwanza. Niliungua kwanza. Au sivyo? Alirudisha jambo lile nyuma akilini, na kila aliporudisha lilikuja kwa mpangilio mwingine.

Basi akafanya jambo ambalo msikivu hafanyi. Aliita tena, kwa kujaribu. Safari hii aliita taratibu, kwa sauti ambayo aliitumia kwa wajawazito wenye uchungu mrefu.

"Sekela. Mwanangu."

Fundo lilikaza zaidi kuliko mwanzo. Upole ule lilikuwa halijawahi kuusikia ukitoka kwenye mdomo ule, na halikujua baada yake kunakuja nini.

Alipotoka chumbani, kofia ameiacha kitandani, Sekela alikuwa ameinama kwenye ndoo, vidole ndani ya maji. Kitambaa kimeteleza nyuma, kimevimba kisogoni kama kimefunika kitu. Juu ya macho palikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo, vingine vikavu, vingine vibichi. Wembe hauachi vidoa vya namna hiyo. Tusekile alikuwa ameviona kila siku kwa miezi na kuviita mtindo.

"Umeungua?"

"Mfuniko tu."

Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kazini. Hakuna hata moja lililokubali kutoka akiwa amesimama, macho yamefumbuka, na mtoto anamtazama.

"Umeyaunguza maharage," akasema.

*

Paa lilipokwisha, Gwakisa alimwita pembeni, akamwonyesha kioo. Mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja wa njano, ilikuwa imekwenda sambamba kwa nafasi, kisha ghafla ikaruka pamoja na kushikana, na tangu hapo haikuachana vizuri.

"Hapa uliongea," alisema.

"Niliongea. Maharage yaliungua."

"Mara mbili?"

"Yaliungua sana."

Gwakisa hakucheka. "Mama, mistari ya watu baki huwa haishikani hivi, hata mmoja apige yowe. Inagongana, inaachana. Hii hushikana kwa ndugu. Unaijua kanuni, ndugu hawasikilizani, na sababu yake. Kwenye mafunzo walituletea baba na mwanawe waliosikilizana kwa siri. Baba alikuwa kiwete, mtoto mzima. Walipotenganishwa walichechemea wote wawili. Miili ya damu moja ilishazoeana tangu zamani. Nyuzi haziwezi kuitenga." Akashusha sauti. "Kama Nyusi ni mtu wako, sema. Nitampa msikivu mwingine, na wewe utaendelea na kazi. Lakini anayejua akanyamaza, huyo anavuliwa kofia moja kwa moja. Siyo mimi ninayeamua."

"Si mnachuja ndugu kwa vitambulisho?"

"Tunachuja. Jina siwezi kukutajia. Huyu ni mtu mzima, amejiandikisha kutoka Kyela, hana uhusiano wowote na wewe kwenye mashine. Ndiyo maana nakuuliza wewe, siulizi mashine. Nipe jibu baada ya kikao cha leo."

Kyela. Tusekile alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa paa jipya, akampigia simu mdogo wake anayeishi huko.

"Bupe, kofia iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako anaivaa nani?"

"Kofia gani tena, dada? Mimi nina joto huku, nivae kofia?"

"Bupe."

Upande wa pili kuku wakasikika. Bupe alikuwa mtu wa kutoa laini yake, jina lake na kitambulisho chake kwa yeyote mwenye shida, kama wengine wanavyoazima kinu. Jirani zake watatu walikuwa wanatumia simu zilizoandikishwa kwa jina lake.

"Hajatimiza umri wa kujiandikisha mwenyewe," Bupe alisema mwishowe. "Na fomu ya mzazi angempelekea nani asaini? Wewe? Ungesaini?"

Tusekile alihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Ungemwambia akapalilie. Dada, usikasirike, mtoto alikuwa anajing'oa kama kuku anayeandaliwa sikukuu. Akanipigia analia. Nikamtumia kofia. Sasa anasema yupo mtu huko, hajui nani, anayekaa naye bila kumhukumu. Anasema ni mtu mmoja tu duniani. Nakuomba usimnyang'anye."

"Anasema hajui nani?"

"Atajuaje? Si mmeficha majina?"

Tusekile alikata simu. Akasimama akitazama matone, na wivu ukampanda, wivu wa kweli, wa kumwonea mwanamke yule anayelala chali na kuwa mvumilivu. Alitamani kumjua ni nani. Kisha akakumbuka ni nani, na hakupata nafuu yoyote. Akisema, Sekela anampoteza mtu wake mmoja duniani. Asiposema, ataendelea kuingia kwenye tumbo la binti yake kwa mlango wa nyuma, akijua, naye mtoto hajui. Na huenda siku moja wote wawili wakatembea na fundo lile lile, lisijulikane limeanzia wapi. Kila alichoshika kilikuwa na ncha.

Aliomba kikao cha mchana akifanyie nyumbani. Gwakisa akampa kofia.

*

Mlango wa Sekela ulikuwa umefungwa. Tusekile alipita mbele yake kwa ncha za vidole vya miguu, akaingia chumbani kwake, akalala, akavaa.

Alikuwa ameamua hivi: kikao kimoja, kizuri kuliko vyote, kisha atasema. Ampe mtoto kitu cha kwenda nacho.

Haikuwezekana. Alishuka nyayoni, hakuzikuta. Visigino vilikuwa vinne. Alitafuta pumzi ya mwenzi akapata yake, fupi, imekwama juu. Aliyemfundisha kazi hii alisema msikivu akipotea asijitafute kwa nguvu. Achague sehemu moja anayoijua kuwa ni yake, akae hapo. Alichagua bega. Bega la kushoto halijawahi kumdanganya. Akalielekea: maumivu yale ya zamani, chini ya mfupa, makavu kama kamba.

Na hapo akahisi kidole gumba.

Hakukuwa na mtu chumbani. Alifumbua macho kuhakikisha. Lakini kidole kilizama mahali pale pale, chini ya mfupa, kikazunguka kwa mkono ule anaoufahamu, kikakaza, kikalegeza, kikasubiri. Ng'ambo ya ukuta, mtu alikuwa anajikanda bega la kushoto lisilomuuma.

Alikaa nalo mpaka likalainika. Hakujua afanye nini kingine. Kisha akarudi kama kanuni inavyotaka, taratibu, asimwangushe mwenzi: utosi, taya, mikono, tumbo, miguu. Akavua kofia, akaiweka juu ya kitanda. Alipofungua mlango, Sekela alikuwa ameshakaa mezani sebuleni, kofia yake nyembamba mapajani, kichwa wazi, bila kitambaa.

"Tangu lini?" Tusekile aliuliza.

"Tangu mwanzo mwanzo. Bega lilikuwa linaniuma kila nikivaa. Nikasema, hili bega nalijua." Akaigeuza kofia mapajani. "Mara ya kwanza nilitaka kuivua."

"Mbona hukuivua?"

"Ulikuwa hunisemi."

Mvua ilikuwa imetulia. Tusekile alivuta kitambaa cha meza kilichokuwa karibu, akasogeza kikombe.

"Ulimdanganya mama yako mdogo."

"Sikumdanganya. Nilimwambia sijui ni nani. Na nilikuwa sijui, mama. Bega ni lako, lakini yule mtu..." Akashindwa, akainua mabega. "Nilikuwa nikitoka nakuangalia jikoni, nasema, siyo huyu. Jioni nakukanda, nasema, ndiye. Nimechoka kujiuliza."

"Hata mimi," Tusekile alisema, na ikamshangaza kwamba alikuwa amesema.

"Siku ile uliponiita mwanangu, niliogopa kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

Sekela akacheka kidogo, cheko la puani, lililokufa haraka. "Usimwambie yule msimamizi. Tuendelee tu hivi hivi. Mimi nitanyamaza, na wewe utanyamaza."

Hilo lilikuwa jambo rahisi kuliko yote, na Tusekile alilitaka. Alilitaka kwa nguvu zote. Kule kwenye nyuzi alikuwa mama ambaye asingeweza kuwa hapa mezani, na kumbe mtoto naye alikuwa anamjia yule, siyo huyu. Wangeweza kukutana kule kila siku, chumba na chumba, bila kutazamana, mpaka tumbo la mmoja lishindwe kujua la mwingine linaishia wapi. Na huyu wa jikoni angeendelea kupiga kelele.

Simu iliita. Gwakisa. Akaipokea mbele ya mtoto.

"Mama, umetoka?"

"Nimetoka."

"Jihesabu."

"Ni mwanangu, Gwakisa. Nyusi ni binti yangu. Mpangie mwingine, na umtafutie mtu mzuri, siyo yule anayekoroma."

Gwakisa alivuta pumzi. "Nitamtafuta. Ndaga, mama." Alisema hiyo asante ya nyumbani ambayo kazini hawakuitumia, akakata.

Midomo ya Sekela ilikuwa imepauka. "Umeninyang'anya."

"Ndiyo."

"Sasa nitakaa na nani?"

Mkono wa Sekela ulianza kupanda kwenda usoni, polepole, kama unaoota. Kila kiungo cha Tusekile kilitaka kuudaka, kuupiga kofi, kusema *acha hiyo*. Neno lilishafika kwenye meno. Akalikalia. Taya lilikuwa limekaza mpaka masikio yanavuma.

"Mama," Sekela alisema. Kucha zilikuwa zimefika kwenye unywele, zikasimama hapo. "Mkono wako."

Akautazama. Ulikuwa na kitambaa, unafuta meza. Meza ilikuwa safi. Ilikuwa imefutwa asubuhi. Ulikuwa unafuta mahali pamoja, huku na huku, kwa nguvu, na bila shaka ulikuwa umeanza tangu alipoketi. Labda tangu zamani zaidi ya hapo. Akajaribu kukumbuka jioni hata moja ambayo mkono ule haukuwa unafuta kitu, au mdomo haukuwa unafanya kazi hiyo kwa niaba yake, na hakuipata.

"Usiuzuie," Sekela alisema kwa sauti ndogo, ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa. "Si ndivyo?"

"Ndivyo."

Basi hakuuzuia. Waliketi hivyo, mmoja ameshika unywele, mmoja ameshika kitambaa, kama watu wawili waliofumaniwa. Tusekile alishuka nyayoni. Akazikuta mbili, baridi, juu ya saruji ambayo kweli haikufagiliwa. Vigimbi. Magoti yaliyopalilia sana. Chini ya mbavu akakuta fundo, gumu kama kokwa la parachichi, na kwa mazoea akasubiri limwambie ni la nani.

Kofia yake ilikuwa chumbani, juu ya kitanda.